Kodi Haipigwi Picha

Mwaka jana kampuni moja ilikuja kwenye maktaba ya watoto ninapojitolea Jumamosi, hapa Nairobi. Walileta mabegi 60, mpiga picha, na hundi ya karatasi ngumu iliyo pana kama mlango. Watoto wakapangwa mstari, wafupi mbele. Mmoja alisahau kutabasamu, akaambiwa arudie kupokea begi lake. Akarudia. Mimi nilikuwa nimeshika upande mmoja wa ile hundi, kwa hivyo sijioshi.

Tulichoomba kwenye barua kilikuwa kodi ya miezi minne na mshahara wa mkutubi. Lakini kodi haipigwi picha. Stima ikilipwa, taa zinawaka tu kama jana.

Tangu Marekani isitishe misaada yake mapema 2025, mashirika mengi madogo yamegeukia matajiri na kampuni za hapa kwetu. Si vibaya. Heri kumwomba mtu unayeweza kukutana naye kwa foleni ya supamaketi. Na kutoa tunajua: mwaka 2011, ukame ulipobana Turkana, Kenyans for Kenya ililenga shilingi milioni 500 kwa mwezi na ikavuka, kampuni kubwa zikichanga pamoja na wasee wa kawaida kwa M-Pesa.

Sasa, anayepokea anadaiwa nini? Shukrani, sawa. Risiti, lazima, pesa ikiliwa tuulizwe. Lakini uso wa mtoto? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi akubali kwanza. Kina mama walisaini wote. Nani angekataa na mtoto ameshaliona begi? Ni kama abiria aliyepandishiwa nauli mvua ikinyesha: amekubali, ndiyo.

Mama aliyeanzisha maktaba haoni hivyo. "Wewe kijana, sura yako iko Instagram kila siku na hakuna begi umepewa. Mkono mtupu haulambwi." Ana hoja. Anayekimbizana na mwenye ploti ni yeye, si mimi.

Mwaka huu kampuni ile ile imeuliza tena tunahitaji nini. Tumeandika ukurasa mmoja: kodi, mshahara, hesabu tutawaletea kila miezi mitatu, na Jumamosi yoyote karibuni msome na watoto, bila kamera. Mama aliiacha barua mezani siku mbili kabla ya kusaini.

Hii ni wiki ya tano. Hawajajibu. Mwenye ploti amepiga simu mara mbili.