Unanunua Betri, Mwanangu

Kaa kitako, mwanangu. Najua umekuja mbio, na najua sauti yangu ushaichoka. Hata mimi nishaichoka. Umeniuliza mashine ya umeme ya nguvu ngapi itakifaa kimashua chako hapa Chwaka. Nikikutajia namba moja ukaondoka nayo, nitakuwa nimekupeleka baharini na nusu ya maneno. Utakachokinunua wewe ni betri. Mashine inakuja nyuma yake.

Nipigie hesabu, kisha useme babu amezeeka. Umeme wa betri unahesabiwa kwa uniti, zile zile unazoziingiza kwenye mita ya nyumbani. Mashine ya kilowati 1 ukiifungulia yote inakula uniti 1 kila saa. Betri zinazopachikwa juu ya mashine za namna hiyo nyingi hazizidi sana uniti 1 na robo. Basi ni saa moja na robo, umekwisha. Petroli ina joto la uniti kama 9 kwa lita, ila mashine ndogo inalipoteza karibu lote kwa moshi na moto, na ya umeme haipotezi hivyo. Kwa hesabu ya mkono, lita 1 ya petroli inafanya kazi ya uniti 2 hivi za betri. Ni jambo jema hilo, sikatai. Sasa chukua dumu la lita 20 analotoka nalo jirani yako. Ukitaka kumfuata anakokwenda, utahitaji uniti 40, na betri za lithiamu za kiasi hicho zina uzito wa kilo 300 hivi. Utazipanga wapi, na samaki utawapanga wapi?

Basi usimfuate. Anayetoka nje ya mwamba kutafuta nguru na jodari, mwache na petroli yake. Kazi yako wewe ni madema humu ndani ya ghuba, tasi na pono, safari fupi, maji haba. Ndiyo maana sikukukatalia tangu siku ya kwanza. Na msituambie kila mara kuwa sisi wazee tunaogopa mambo mapya. Mfaransa mmoja, Gustave Trouvé, alipachika mashine ya umeme nyuma ya kiboti katika mto Seine, mjini Paris, mwaka 1881, ya kutolewa na kurudishwa kama hizi zenu. Mashine haikuwa na tatizo. Betri ndiyo iliyomshinda, na petroli ikampita.

Mwendo sasa, na hapa ndipo vijana mnaponichosha. Chombo kama chako, cha mita 5, kinachokata maji bila kupaa juu yake, kina ukomo: kilomita 10 kwa saa hivi. Ukikilazimisha kupita hapo kinachimba shimo na kukaa ndani yake, na umeme unakwenda bure. Hata chini ya hapo, ukitaka mwendo mara mbili, umeme unaoliwa kwa saa unakaribia mara nane. Igeuze hesabu hiyo: punguza mwendo nusu, na kwenye maji matulivu betri ile ile itakufikisha karibu mara nne ya masafa. Muuzaji atakwambia mashine ya kilowati 1 ni sawa na nguvu za farasi 3. Kwa kipimo cha vitabu ni farasi 1 na theluthi. Hakudanganyi sana, maana propela yake ni pana na inazunguka polepole, inasukuma vizuri. Inasukuma, lakini haikimbii. Ukitaka kukimbia, nunua pikipiki.

Kisha kuna mkondo. Siku za bamvua unajua mwenyewe maji yanavyotoka ghubani humu. Ukienda kilomita 5 kwa saa na mkondo unakujia 3, umekwenda 2, na betri haijui kwamba hujafika. Toka na maji yanapotoka, rudi na maji yanapojaa, kama walivyofanya waliokuwa na tanga tu. Igawe betri mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la kusi. Ukiona alama imefika asilimia 67, geuza omo, hata kama madema mawili hujayatazama. Dema haliendi kokote. Na tanga usiliuze; nimesikia kuna mtu keshalitia jicho.

Hiyo betri ya lori uliyoambiwa, N100, tuimalize upesi. Volti 12 mara 100 ni uniti 1.2 kwenye karatasi. Betri ya risasi ukiikamua chini ya nusu mara kwa mara inakufa, kwa hiyo una uniti 0.6, ndani ya kitu cha kilo 25 na zaidi. Tena ya lori imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa kitambo kidogo, iwashe injini ipumzike. Haikutengenezwa kuvuja taratibu asubuhi nzima. Utabadilisha tatu kabla lithiamu moja haijachoka. Urahisi huo ni wa siku ya kwanza tu.

Ukifika dukani, ichomoe plagi ya waya mnene uitazame ndani kwa tochi. Vijino viwe vinang'aa na mpira wa kuzuia maji ukae sawasawa pembeni. Mahali pa chumvi hapo ndipo ugonjwa unapoanzia: kwanza unga wa kijani, kisha joto, kisha plagi inayeyuka mkononi. Uliza kama mashine ni ya bahari. Nyingi za bei ndogo zilitengenezwa kwa ajili ya maziwa ya maji matamu. Tafuta kipande cha zinki chini karibu na propela, kile kinacholiwa na chumvi badala ya chuma chenyewe. Kama hakuna pa kukifungia, toka dukani. Alama ya IP67 maana yake ni kwamba inastahimili kuzama mita 1 kwa nusu saa, basi. Si ruhusa ya kuiacha ndani ya chombo kilichojaa maji kwa sababu umeona uvivu kushika upo.

Na kuna taitai, kamba za kufungia mwani. Ghuba hii imejaa mashamba ya mwani, na kamba zikikatika zinaelea. Moja ikijisokota nyuma ya propela huioni, mashine inaendelea kuzunguka, na kamba inausaga mpira wa shafti mpaka maji yaingie ndani. Mashine ya petroli ikinywa maji hivyo, fundi yeyote wa diko anaifungua. Hiyo yako ndani ina bodi na waya. Kwa hiyo fungua propela kila wiki utazame nyuma yake, na kabla ya kununua uliza fundi yuko wapi, kwa jina na mtaa. Waombe pia karatasi ya dhamana uisome yote, maana nyingi zinamtofautisha mtu wa matembezi na mtu wa kazi, na wewe ni mtu wa kazi.

Pima na ubao wa nyuma. Shafti fupi ni kwa ubao wa sentimita 38 hivi, ndefu 51. Ikiwa fupi mno, wimbi likikuinua propela inakula hewa. Ikiwa ndefu, maji yakipwa itachimba mchanga kabla hujafika pwani. Tena mashine ya umeme ni kimya, watu hawatakusikia. Kuna wapiga mbizi wa pweza humu. Taa iwe juu, na filimbi shingoni.

Utachajia wapi? Usinijibu kuwa umeme upo. Ulikuwepo hata Desemba 2009, kisha waya wa chini ya bahari ukaharibika, na Unguja nzima tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Waya mwingine wa chini ya bahari umelazwa tangu hapo, alhamdulillahi, lakini ukitaka kulala usingizi nunua na paneli ya jua. Ya wati 200 kwenye jua zuri inakupa uniti 1 kwa siku, au pungufu. Inatosha kurudi nyumbani.

Kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji akuazime asubuhi moja ya bamvua, chombo kikiwa na madema na watu wawili ndani, uandike kila kituo betri imebaki ngapi. Akikataa, ushapata jibu lake. Na kwa kuwa nusu ya pesa hizo ni za mwani wa mkeo, mwite aje hapa asikie bei nzima, ya betri, ya chaja na ya zinki za akiba, kabla hujapanda gari la mjini.