Pambo na Utu

Kila taifa lina mizani yake ya uzuri. Katika pwani yetu bibi harusi husingwa kwa singo, hutiwa hina mikononi na miguuni, na nguo zake hufukizwa udi. Mapambo hayo hayakukusudiwa kumgeuza awe mtu mwingine, bali kumtukuza yeye mwenyewe mbele ya jamaa zake. Basi yafaa tujiulize: ni lini pambo hugeuka likawa dhara, la mwili na la utu pia?

Mfano ulio wazi ni mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kuchubua ngozi ili iwe nyeupe. Krimu za namna hiyo mara nyingi huwa na zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huzuia mwili kutengeneza melanini, ile rangi inayotukinga na jua kali. Lakini haiishii hapo: hupenya ngozini, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na huweza kumfikia mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuleta mabaka meusi yasiyotoka kwa urahisi. Hivyo aliyeukimbia weusi wa afya huishia na weusi wa maradhi.

Wapo wasemao, “Ngozi ni yangu na fedha ni zangu, nani wa kunizuia?” Hoja hii ina uzito, kwani mtu huru ana haki juu ya mwili wake. Lakini achaguaye asichokijua hakuchagua, amebahatisha. Na mtoto aliye tumboni hakuulizwa.

Wengine husema dawa ni kurudia vya wazee wetu tu. Hili nalo lataka kupimwa. Baadhi ya wanja una madini ya risasi, na piko, ambayo ni rangi ya nywele, imewababua wengi waliochorwa kwayo ngozini. Kitu hakiwi salama kwa sababu ni chetu, wala hakiwi sumu kwa sababu ni cha kigeni. Tuulize kwanza kina nini ndani yake.

Sheria ina kazi yake. Afrika ya Kusini, nchi ambamo rangi ya ngozi ilipima haki za mtu, ilipiga marufuku krimu za kuchubua mwaka 1990. Lakini sheria huondoa kopo dukani. Haiondoi ulimi wa shangazi amsifuye binti mmoja kwa weupe wake, huku nduguye mweusi ameketi kando akisikiliza. Binti huyo akinunua mkorogo kesho, je, kosa ni lake peke yake?

Kwa hiyo tuwafundishe vijana kusoma maandishi ya kopo kabla ya kulifungua, na kukiacha kipodozi kisichotaja kilichomo. Nasi watu wazima tuzichunge sifa zetu, maana humo ndimo wanamojifunza kujipenda au kujichukia.