Imani ya Wabebaji

Makambako ni njia panda. Malori ya Tunduma, mabasi ya Songea na abiria wa TAZARA hukutana hapo, bodaboda zikipenya katikati. Kilomita 60 hivi kusini, Njombe, watu hupanda miti, hupasua mbao, huchuma parachichi. Kote huko shingo iko hatarini: ajali za barabarani na kuanguka kutoka juu ndivyo vyanzo vikuu vya majeraha ya uti wa mgongo yanayopokelewa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Shingo ikivunjika na neva zilizomo zikajeruhiwa, ndugu huuliza kwanza: atatembea? Maombi yakipita wiki kadhaa, huja swali chungu zaidi: mbona haponi, au imani yake ni haba?

Swali hilo likataliwe.

Mwili wenyewe unalikanusha. Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za neva, na kila jozi ina kazi zake. Ya 5 hukunja kiwiko. Ya 6 huinua kiganja, na aliyebaki nayo akikiinua, vidole vyake vilivyolegea hujikunja vyenyewe hata akaweza kushika kijiko. Ya 7 hunyoosha kiwiko, na kwa nguvu hiyo mtu huweza kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kitimwendo. Mwaka 2004 mtafiti Kim Anderson alichapisha nchini Marekani majibu ya watu 681 walioumia uti wa mgongo. Karibu nusu ya waliopooza mikono na miguu walitanguliza kurejewa na nguvu za mikono. Anayeingoja miguu tu aweza kupitwa na uponyaji unaotokea mbele ya macho yake.

Maandiko nayo yanalikanusha. Katika Marko 2, watu wanne wanambeba aliyepooza, wanabomoa dari, wanamshusha. Imani inayotajwa ni yao, kwa wingi, mgonjwa hapimwi. Tena anasamehewa kabla hajasimama. Ni kweli kwamba mwishowe alisimama, na hakuna anayekatazwa kuliombea hilo. Lakini anayetafuta upungufu wa imani, na aanze kwa wabebaji.

Kazi yao inajulikana. Ni kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, maana vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya mkojo huua. Ni kumfanyisha mazoezi tangu miezi ya mwanzo, ambayo ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi ya neva kurudi. Ni kuchanga nauli ya kwenda taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Makambako.

Njombe ni makao ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT na ya Jimbo Katoliki la Njombe. Jumuiya zao zinajua kuchangia msiba na harusi. Haziwezi kushindwa kupanga zamu za kumuuguza mtu mmoja. Mzee wa kanisa anayefika kumwombea aliyevunjika shingo aulize, kabla ya kufumba macho, ni nani anayemgeuza saa nane usiku, na jina la nani linafuata kwenye zamu.