Sadaka ya Siri na Feza ya Kura

Mwezi wa Desemba 1957 wanaume wa Likasi, mji ulioitwa bado Jadotville, walipiga kura mara ya kwanza kuchagua washauri wa komini zao. Tangu siku zile kura zimepigwa mara nyingi, na siku hizi kabla ya kura hupita mgeni apendwaye na wengi: feza ya kampeni. Huja kwa sura ya kitenge, mfuko wa unga, ao chupa za pombe. Watu hutuuliza: Je, ni zambi kupokea? Swali hilo ni jema, lakini liko lingine linalolitangulia: feza ile imetoka wapi?

Kwa uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, aliyetaka kuwa Rais aliweka kwanza franka milioni 160, kabla hajachapa hata picha moja. Mwalimu atazipata wapi? Basi wako wanaomsaidia: mfanya biashara, mwenye mgodi, rafiki wa mbali. Msaada huo si mbaya kwa asili yake. Ubaya huanza unapofichwa.

Hapa wengine hutushinda kwa mafundisho yetu wenyewe. Si twafundisha kwamba sadaka itolewe kwa siri, pasipo kupiga baragumu? Naam. Lakini sadaka haidai kitu. Mtoaji wa feza ya kura hungoja: kibali cha kuchimba, ao kazi ya kujenga barabara. Siri ileile inayolinda unyenyekevu wa mmoja huficha deni la mwingine, na deni hilo litalipwa kwa mali yetu sote, hii shaba tunayokaa juu yake.

Majirani zetu wa Tanzania walilijua jambo hili. Mwaka 2000 sheria yao iliruhusu takrima, maana yake zawadi ya ukarimu wa desturi, isihesabiwe rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, kwa kuwa ilimpendelea mgombea tajiri juu ya maskini. Nasi twaongeza neno dogo: kwa desturi, mwenye nyumba ndiye anayemkirimu mgeni. Mgombea anaingia uani mwetu, naye ndiye anayetulisha! Mwaka 2010 wakatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayomdai mgombea ataje mapato yake na asili yake.

Huko Marekani ziko kamati zinazokusanya feza za siasa. Kamati ya kawaida yaweza kumpa mgombea dola 5,000 tu kwa kila uchaguzi, na jina la anayeipa kamati zaidi ya dola 200 kwa mwaka huandikwa, kila mtu alisome. Lakini tangu hukumu za mwaka 2010 ziko kamati nyingine zisizo na mpaka, mradi zisimpe mgombea mwenyewe mkononi. Hizo nazo hutaja watoaji. Ila mtoaji akiwa ni chama kisicholazimishwa kutaja watu wake, jina lililoandikwa ni pazia tu.

Kwetu Kongo iko sheria ya Juni 2008 juu ya feza ya Serikali kwa vyama. Na Januari 2024 Tume ya Uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, rushwa na makosa mengine. Vema. Lakini nani aliyewalipia kampeni, tangazo lile halikuuliza.

Mtu atasema: Mfanya biashara akitajwa kwamba alisaidia walioshindwa, kesho wakaguzi wa kodi watabisha mlangoni pake. Hatucheki hofu hiyo, ina sababu. Mtoaji mdogo aachwe katika siri yake. Lakini anayetoa bei ya lori si mdogo.

Basi mgombea akipita Kikula ao Panda akigawa unga, mama mmoja aweza kumwuliza kwa adabu: «Baba, mfuko huu umenunuliwa kwa mshahara wako?» Akijibu ndiyo, atuambie ni mshahara gani. Akijibu ni wa marafiki, amtaje mmoja.