Mshumaa wa Kijani

Mwezi wa Agosti 1993 watoto wa Marekani walianza kuonyeshwa mchezo wa televisheni uitwao Mighty Morphin Power Rangers. Mapigano yake mengi hayakupigwa picha Marekani. Kampuni ya Saban iliyachukua katika mchezo wa Kijapani wa mwaka 1992, Kyoryu Sentai Zyuranger, kazi ya kampuni ya Toei. Shujaa akishavaa kofia uso hauonekani, basi nani atajua kuwa aliyemo ni Mjapani? Wamarekani walipiga picha mpya za vijana wao shuleni, wakaziunga na zile. Shujaa wa manjano, mwanamume kule Japani, akageuka msichana. Ndiyo maana vazi lake halina sketi kama la mwenzake wa waridi. Hayo mimi nayacheka tu.

Kinachonisumbua ni mshumaa. Katika hadithi ya Kijapani shujaa wa kijani, Burai, amebakiwa na saa chache za kuishi, na mshumaa wa kijani ndio unaozipima. Ukaisha, naye akafa, watoto wa Japani wakitazama. Wamarekani nao waliweka mshumaa wa kijani, ila wakasema kinachoteketea ni nguvu za shujaa, si uhai wake. Tommy wao hakufa. Baadaye alirudi katika vazi jeupe.

Ningependa kusema kwamba wale waliwadanganya watoto. Chuoni tulifundishwa kuwa mtoto hukutana na kifo kwanza katika hadithi, akiwa bado ameshikwa mkono, na ninaamini hivyo hadi leo. Lakini mdomo wangu unakuwa mzito.

Nilipokuwa mwalimu mkuu, mtoto mmoja wa darasa la tatu alifariki wakati wa likizo. Shule ilipofunguliwa wenzake waliniuliza yuko wapi. Niliwatazama nyuso zao, nikasema amehamia kwa shangazi yake. Nilidhani nawahurumia, yamkini nilikuwa najihurumia mwenyewe, maana sikujua nitasimamaje mbele ya vilio arobaini.

Rafiki yake wa dawati moja alimwekea nafasi karibu muhula mzima, hataki mtu akae pale. Kisha akasikia ukweli kisimani, kwa watu waliokuwa wakizungumza mambo yao. Hakuja kuniuliza kitu. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena lolote, hata swali la hesabu.