Nani Ameshika Ufunguo wa Stoo?

Andiko: Matendo ya Mitume 6:1-7

Leo nataka tushuke kidogo kutoka madhabahuni twende ofisini, dukani, kiwandani na chuoni, kwa sababu huko ndiko wengi wenu mnakaa siku sita za juma. Mungu tunayemwabudu Jumapili haendi likizo Jumatatu. Ameni?

Fungua Matendo sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu linakua. Watu wanaokoka, mitume wanahubiri kwa nguvu. Lakini katikati ya uamsho huo kuna akina mama wanalala njaa. Wajane wa Wayahudi wanaozungumza Kiyunani wanarukwa wakati wa kugawa chakula. Wajane wa Waebrania wanapata. Wote wameamini Bwana mmoja, lakini sahani ya huyu inajaa na ya yule inabaki tupu. Tofauti yao ni nini? Lugha, na mahali walikotoka.

Sasa angalia vizuri. Biblia haituambii kwamba kuna mtu aliketi akapanga njama. Walisahauliwa tu. Wapendwa, ubaguzi mwingi hauji na panga mkononi. Unakuja kwa kusahau. Mgawaji anawakumbuka wale anaoongea nao, anajua majina yao na nyumba zao. Wale wengine hawako kwenye hesabu yake, na yeye analala usingizi mzuri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

1. Manung'uniko yalisikilizwa

Mitume hawakusema, "Hawa wana roho ya uasi." Hawakuwaambia wajane wafunge na kuomba mpaka mkate ushuke. Waliita kusanyiko lote, jambo likawekwa mezani mchana.

Kabla sijaingia huduma nilikuwa karani katika kampuni moja. Nafasi moja ya kazi ilitangazwa, barua zikaja lundo. Mkubwa wetu hakufungua cheti hata kimoja. Alisoma majina ya ukoo, akagawa mafungu mawili. Fungu moja likaenda kwenye mahojiano, la pili likaenda kwenye kabati. Katika lile la kabati kulikuwa na vijana ambao wazazi wao waliuza ng'ombe na shamba ili wasome. Walingoja simu. Pengine waliomba na kufunga, wakidhani ni Mungu amenyamaza, kumbe ni mtu amefunga kabati.

Wakenya, hili jambo tunalijua gharama yake. Baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ikasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri, dini, hata mavazi na lugha. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sheria ni nzuri, lakini sheria haiwezi kuingia moyoni mwa mtu anayepanga barua mafungu mawili. Hapo ni Roho Mtakatifu anaingia.

2. Waliosahauliwa walipewa ufunguo

Hebu soma majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani! Na Nikolao hata hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Mitume wangeweza kuwaambia wagawaji wa zamani, "Ongezeni sahani." Hawakufanya hivyo. Usimamizi wa chakula ulikabidhiwa watu wenye majina ya wale waliolalamika. Kwa lugha yetu, walipewa ufunguo wa stoo.

Mwambie jirani yako: sahani si ufunguo!

Kuna kampuni inajisifu kwamba imeajiri watu wa jamii zote. Ukienda unawakuta wengine wote wako langoni na jikoni, na kule juu kunakotolewa maamuzi wanaongea lugha moja ya mama. Imeajiri wanawake, lakini mkutano ukianza wao ndio wa kuandika kumbukumbu na kumimina chai. Imeajiri kijana anayeishi na ulemavu, amepigwa picha ya kalenda, lakini hajawahi kuulizwa wazo lake.

Na ninyi mnaosomea biashara, msidhani haya yanawangoja mbele. Yako darasani. Mwalimu anatoa kazi ya kikundi. Msichana kutoka Tana River anaandika usiku kucha, lakini siku ya kuwasilisha anaambiwa akae, eti matamshi yake yatawapotezea alama. Ikifika wakati wa kutafuta atachimenti, mwenye mjomba ofisini anapata kwa simu moja, asiye na mjomba anatembea na bahasha mpaka viatu vinakwisha. Mnafundishwa kusawazisha vitabu vya hesabu. Mithali 11:1 inatuambia Mungu anachukia mizani ya hila, na mizani si ya unga na sukari peke yake. Watu pia wanapimwa.

3. Kipimo hakikushushwa

Najua kuna mfanyabiashara hapa anasema, "Pasta, unataka niajiri mtu asiyejua kazi ili nionekane mwenye haki?" Hapana. Mstari wa 3 unadai watu wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Hakuna aliyeingia kwa huruma. Kipimo kilikuwa kimoja kwa wote.

Lakini hakikisha njia ya kufika kwenye kipimo iko wazi. Ukiita mahojiano ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti, umemwalika mwenye kiti cha magurudumu sawasawa na wengine, na bado umemfungia nje. Ukiweka tangazo la kazi kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kijiji chenu, usiseme wengine hawakuomba.

Mwingine anasema, "Damu nzito kuliko maji. Maandiko si yanasema nitunze wa nyumbani kwangu?" Kweli, 1 Timotheo 5:8 iko. Basi mtunze. Mlishe ndugu yako kutoka mfukoni mwako. Lakini kiti cha ofisi si mfuko wako! Umekabidhiwa tu, na mwenye mali ataomba hesabu.

Na matunda yalikuwa nini? Mstari wa 7: neno likaenea, wanafunzi wakaongezeka sana, hata makuhani wengi wakaitii imani. Stefano, aliyewekwa kuhudumu mezani, ndiye aliyesimama mbele ya baraza. Filipo ndiye aliyepeleka Injili Samaria. Wangeachwa kwenye kabati, kanisa lingepoteza nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ya kufanya wiki hii

Kama wewe ni mwajiri, hata wa kibanda chenye watu wawili, jiulize ni nani hujawahi kumwita, na kwa nini. Kama uko kwenye kamati ya kuajiri, soma vyeti kabla ya jina la ukoo. Kama ni mwanafunzi, mpe mwenzako nafasi ya kusimama na kuongea. Na kama wewe ndiye barua yako iko kwenye kabati, usijidharau. Kunung'unika kwa ajili ya wale wajane hakukuwa dhambi. Sema, kwa adabu na kwa ukweli, mbele ya wanaohusika.

Nasi tuanze hapa nyumbani. Nimewaomba wazee walete orodha ya kamati zetu zote, tuone ni akina nani wameshika funguo na ni akina nani wanapanga viti tu mwaka baada ya mwaka. Tutaisoma mbele ya kanisa.

Tuombe: Baba, tufungue macho tuwaone tuliowasahau. Waliofungiwa wape mlango, na sisi tulioshika funguo tupe mkono wa kufungua. Kwa jina la Yesu. Ameni.