Unyenyekevu si Unyonge

Neno unyenyekevu limetumiwa vibaya katika nchi zetu. Wakati wa ukoloni walikuwapo waliolihubiri kwa mtumishi na kulisahau mbele ya bwana. Mnyonge aliambiwa ainamishe kichwa, na kuinama huko kukaitwa fadhila ya Kikristo. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaodhani kwamba mnyenyekevu ni mtu asiye na thamani hata machoni pake mwenyewe. Yatupasa tulichunguze kosa hili, kwani pasipo unyenyekevu wa kweli hakuna ushirikiano wa kweli.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 13, anayewaosha wenzake miguu ni Mwalimu, wala si wanafunzi. Hafanyi hivyo kwa kutokijua cheo chake. Anakijua, na kwa hiyo aweza kuinama bila kupungukiwa. Hapa twapata kipimo: unyenyekevu ni deni ambalo mtu hujitoza mwenyewe, na aliye juu hudaiwa zaidi. Anayewatoza wengine tu hatafuti unyenyekevu, anatafuta utii.

Historia ya Biblia ya Kiswahili yatupa mfano. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf, mgeni wa Mombasa, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhiddin. Msomi wa Ulaya alikubali kuwa mwanafunzi. Kadhi naye hakuona kwamba kumsaidia mtu wa dini nyingine kwamvunjia heshima. Baadaye zilipatikana Biblia mbili, ya Kiunguja mwaka 1891 na ya Kimvita mwaka 1914. Kila upande uliipenda yake, nayo ilikuwa jasho la miaka mingi. Hata hivyo, mwaka 1952 ilitolewa Biblia ya muungano, ili wote wasome kitabu kimoja. Katika kazi ya namna hiyo hapana budi neno la mwenzako lishike mahali pa neno ulilolipenda. Kukubali hivyo si kusema kwamba lako halifai, bali ni kukiri kwamba msomaji ni mkubwa kuliko mfasiri.

Lakini tusisahau upande wa pili. Wamisionari waliotafsiri wanakumbukwa kwa majina. Waafrika wengi waliowasahihishia sentensi hawajulikani. Tusiseme kwamba huo ndio uliokuwa unyenyekevu wao. Kusahauliwa si kunyenyekea.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakusema kwamba kidole hicho ni bure, wala kwamba kimoja kifiche jina la kingine. Mwalimu anayekubali kusahihishwa na mwanafunzi wake, na mwanafunzi hodari anayemsubiri mwenzake hadi aelewe, hawajapoteza kitu. Wameinama ili kuinua, na kazi iliyoinuliwa hivyo ni ya wote.